Bi. Cornelia Kapele, Aliyetusomesha Mikataba Hadi Ukurasa wa Mwisho

Na Edith Nandi, Mapokezi

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Bi. Cornelia Kapele anatimiza miaka thelathini na mmoja katika Kituo cha Msaada wa Kisheria Malangali, na siku hiyohiyo anastaafu. Aliingia hapa tarehe 1 Julai 1994 akiwa mpiga chapa. Anaondoka akiwa msaidizi wa kisheria mwandamizi, na jina lake linajulikana kuanzia vibanda vya Mazwi hapa Sumbawanga mjini hadi vijiji vya mwisho vya uwanda wa Ufipa. Kamati ya sherehe iliniomba niandike ukurasa mmoja tu. Nimejaribu kwa moyo wote na nimeshindwa, kwa hiyo mniwie radhi. Mtu akipenda, kalamu haikatiki.

Mama Cornelia, kama tunavyomwita sote, alizaliwa mwaka 1965 katika familia ya wakulima wa mahindi na ulezi. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa, akapata kazi hapa wakati kituo kilipokuwa chumba kimoja chenye meza mbili na taipureta moja. Wazee wa kituo wanasimulia kwamba baridi ya Juni ilikuwa kali kiasi kwamba alipiga chapa akiwa amevaa glovu za sufu alizozikata vidole mwenyewe. Barua zake hazikuwa na kosa. Kosa lake lilikuwa moja tu: alisoma kila alichokipiga. Watu walipokuja kusaini makubaliano ya mpaka wa shamba au mirathi, msichana wa taipureta aligeuka kwenye kiti na kuwauliza kama wameelewa wanachosaini. Mara nyingi hawakuwa wameelewa. Mkuu wa kituo wa wakati ule alikasirika mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alimpeleka kwenye mafunzo ya usaidizi wa kisheria. Uamuzi ule umelisaidia eneo hili kuliko hotuba nyingi tulizowahi kusikia.

Kila aliyewahi kuketi kwenye benchi letu anaijua sheria yake ya kwanza. Husemi chochote kabla ya kusimama mbele ya meza yake na kusoma mkataba wako kwa sauti, kuanzia neno la kwanza hadi sahihi. Asiyejua kusoma, yeye humsomea mstari mmoja, naye anausimulia upya kwa Kifipa au kwa lugha yoyote ya nyumbani kwake, kwa maneno yake mwenyewe. "Soma kwanza, ulie baadaye," ndivyo anavyosema. Na akimwona mtu anaruka mistari, humwambia, "Mkataba usioweza kuusimulia hujausaini, umesainishwa." Wanaume wazima wenye masharubu wamesimama pale wakisoma kama watoto wa darasa la pili. Mimi nimewaona, na nimejifunza kuficha kicheko ndani ya kikombe cha chai.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mashamba, ndoa na mirathi. Kisha zikaja zile biashara za mtandao, na Mama Cornelia akawa bingwa wa mikataba yake. Kwa wasiozijua, ni hivi: unajiunga na kampuni, unachukua bidhaa zake uziuze, na unasajili watu wengine chini yako ili nao wachukue na kusajili wengine. Wenyewe wanaiita fursa. Mama Cornelia hajawahi kuichukia biashara ya mtu. Anapenda kusema kwamba hana ugomvi na fursa, ana ugomvi na herufi ndogo.

Siku moja kijana mmoja nadhifu aliingia ofisini, akamwamkia vizuri, akatandaza picha za magari na nyumba za ghorofa mezani, akamwambia kwamba mtu mwenye heshima kama yeye angeweza kusajili mji mzima.

"Una mkataba wako na hiyo kampuni?" Mama Cornelia alimwuliza.

"Ninao, mama, tena huu hapa."

"Simama. Soma."

Alipofika ukurasa wa tano sauti ilianza kupungua. Ukurasa wa saba aliomba maji. Alipomaliza alikunja picha zake za magari, akauliza barua ya kujitoa inaandikwaje. Kijana huyo leo ni fundi cherehani pale Mazwi, na sare tulizovaa kwenye sherehe hii amezishona yeye. Ameweka na orodha ya bei, mkitaka mfikieni.

Lakini kama ni lazima nichague shauri moja kati ya yote aliyoyashughulikia, nitachagua la Mama Fransiska Nandi. Natamka wazi kwamba Mama Fransiska sasa ni mama mkwe wangu, ili msomaji asije akasema nimemficha. Wakati ule hakuwa. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mkulima wa kijiji kilicho mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka mjini, mwenye mtoto mmoja wa kiume, Vitus, ekari nne za mahindi na ulezi, na maksai wawili wa plau waitwao Meja na Shemeji.

Februari 2024, Jumapili baada ya ibada, kijijini kwao lilifika gari lenye spika. Aliyeshuka alikuwa Nestory, wakala wa kampuni moja ya unga wa virutubisho. Kampuni yenyewe siitaji. Nestory aliendesha semina, akala unga ule kwa kijiko mbele ya watu, akawaambia wamama kwamba mwaka ujao watakuwa wanalima kwa trekta. Mama Fransiska alichukua makopo arobaini. Hakuwa na cha kutoa mkononi, kwa hiyo aliweka maksai wake rehani na akasaini mkataba wa kurasa kumi na moja. Mkataba ulisema kwamba baada ya miezi sita, makopo yasiyouzwa yatarudishwa kwa kampuni na rehani itafunguliwa. Kifungu cha nne kiliongeza kwamba makopo hayo yarudi yakiwa hayajafunguliwa. Yakifunguliwa, muuzaji atakuwa amevunja mkataba, na rehani itakuwa mali ya kampuni.

Sasa, sisi wa huku tunajua jambo ambalo aliyeandika kifungu cha nne hakulijua. Hapa uwandani, aliyepika pombe ya ulezi huonja kwanza chungu anachokukabidhi, mbele ya macho yako, uone kwamba hakina sumu. Asipoonja hunywi, na hakuna atakayekuita mkorofi. Tena chungu kilichoonjwa kwa ajili ya jirani hakihesabiki kuwa kimeonjwa kwa ajili yako. Mama Fransiska aliuza unga wa kampuni kama alivyofunzwa na mama yake kugawa kinywaji. Kila nyumba aliyofika alifungua kopo jipya, akachota kijiko, akameza, kisha akalisogeza kwa mteja. Wateja walionja nao, wakasifu, wakasema watanunua baada ya mavuno. Katika makopo arobaini aliuza tisa. Thelathini na moja yalibaki, na yote yalikuwa wazi.

Mwezi Agosti Nestory aliyatazama makopo yale, akatikisa kichwa, akafungua kifungu cha nne. Meja na Shemeji waliondoka siku hiyohiyo, wakafungwa kwenye zizi la jamaa yake huku mjini. Mvua za kupandia kwetu huanza Novemba. Bila plau, ekari nne zingebaki kwa mama wa miaka hamsini na minane, mwanawe na majembe mawili ya mkono. Wangelima robo, na chakula cha mwaka mzima kingekuwa robo vilevile.

Walikuja hapa kituoni Septemba. Mama alitangulia, na nyuma yake alikuwa Vitus, amebeba gunia la makopo begani kama anabeba mto wa pamba. Nitasema tu kwamba nilikuwa mapokezi na kwamba niliandika jina lake kwenye daftari la wageni. Mama Cornelia alilipitia daftari jioni ile, akaniita.

"Edith, huyu kijana amekuja mara moja. Mbona umemwandika mara tatu?"

Nikimwona anarudi kutoka shamba jioni, hata leo ningemwandika mara tatu.

"Basi jalada hili huligusi tena," aliniambia. "Moyo wako umeshatoa hukumu, na sisi bado hatujasoma ushahidi." Akalichukua, akalifungia kwenye kabati lake mwenyewe. Huo ndio uaminifu wake wa kazi. Nililia kidogo, halafu nikamheshimu maradufu.

Mazungumzo yao ya kwanza niliyasikia kwa sababu mlango wa ofisi yake haujawahi kufungika vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja na mkataba au mmekuja na machozi?"

"Vyote viwili, mama."

"Machozi yaweke pale kwenye benchi. Mkataba ulete hapa."

Mama Fransiska alisoma hadi darasa la nne tu, na husoma akifuatisha kidole. Alipofika kifungu cha nne, Mama Cornelia alivua miwani.

"Ulifungua mangapi?"

"Yote."

"Yote thelathini na moja?"

"Mama, ningewapaje watu kitu ambacho sijaonja? Mimi si mchawi."

Mama Cornelia aliniambia baadaye kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuona pa kutokea. Kifungu kilikuwa wazi, makopo yalikuwa wazi pia. Alifikiria kuwashauri waende kwa Nestory kwa upole, waombe muda. Lakini sheria yake ni kusoma hadi mwisho, na hakuona kwa nini aivunje siku hiyo. Anasema watu wengi huacha kusoma mkataba pale unapowauma. Wanadhani pale pameisha. Basi akavaa miwani, akamwambia mama aendelee.

Ilichukua siku tatu, kwa maana siku ya kwanza waliishia ukurasa wa nne, na ya pili ukurasa wa saba. Kila safari Vitus alimleta mama yake kwa pikipiki ya kuazima, akamsubiri kwenye benchi lililo mbele ya meza yangu. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kila neno refu lililoandikwa katika mkataba ule.

Siku ya tatu, ukurasa wa tisa, kidole cha Mama Fransiska kilisimama kwenye kifungu cha kumi na tisa. Alikisoma mara moja, akarudia. Kilisema hivi: *Muuzaji ataonyesha kila mteja matumizi sahihi ya bidhaa kwa kuitumia yeye mwenyewe mbele ya mteja huyo.*

"Mama," akasema, "si ndicho nilichofanya?"

Mama Cornelia hakupiga kelele. Yeye si mtu wa vigelegele kazini. Alisimama, akazunguka meza, akamshika mama yule mabega, akamwambia, "Kisome tena. Leo utakisoma mpaka uweze kukisema ukiwa usingizini, maana mahakamani mimi sitasema. Utasema wewe."

Na kweli, msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumsemea mtu mahakamani. Watu wengi hawajui hilo, na hudhani ushindi wetu ni wa maneno ya Mama Cornelia. Ushindi wake ni kwamba watu wake husema wenyewe. Kwa wiki nzima Mama Fransiska alikuja kusimama mbele ya meza ile. Mama Cornelia alijifanya hakimu, mara akajifanya Nestory, akamkatiza, akamdharau, akamwuliza maswali ya kumchanganya. Mwanzoni mama alijibu akitazama sakafu. Kufikia Ijumaa alikuwa anamjibu Nestory wa bandia kwa ukali hadi Mama Cornelia mwenyewe akarudi nyuma hatua moja.

Shauri lilisikilizwa mwishoni mwa Oktoba katika Mahakama ya Mwanzo. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Nestory alikuja na suti ya bluu, akamsalimia Vitus kwa mbwembwe, "Mambo vipi, mshikaji?" Vitus akamjibu, "Shikamoo bosi," na watu wote kwenye ukumbi wakacheka, kwa maana wamesoma darasa moja. Mama Cornelia aliketi benchi la nyuma kabisa, mikono mapajani.

Nestory aliyapanga makopo yote thelathini na moja mezani kama vielelezo. Akasema kifungu cha nne kiko wazi, mama huyu alivunja mkataba, na kampuni imechukua kilicho chake. Mama Fransiska aliposimama aliomba jambo moja tu, kwamba mdaiwa asome kifungu cha kumi na tisa kwa sauti. Nestory alikisoma haraka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa.

"Kifungu hicho kinamtaka muuzaji afanye nini?" hakimu akauliza.

"Aonyeshe mteja matumizi, mheshimiwa."

"Kwa njia gani?"

"Kwa kuitumia mwenyewe mbele yake."

"Anaitumiaje bila kuifungua?"

Nestory alishika tai. "Mheshimiwa, ilimaanishwa atumie kopo moja la mfano."

"Nioneshe palipoandikwa kopo la mfano."

Alipekua kurasa zote kumi na moja, mbele kisha nyuma. "Haijaandikwa, mheshimiwa."

"Mheshimiwa," akasema Mama Fransiska, na sauti yake ilisikika mpaka nje walikoegesha baiskeli, "siku ya semina yeye mwenyewe alifungua makopo matatu. Watu wa mbele walipotaka kuonja alifungua la kwanza, wa katikati la pili, wa nyuma la tatu. Nilifanya nilichofundishwa na mkataba, na nilichofundishwa na yeye, na nilichofundishwa na mama yangu. Sasa naomba niambiwe ni yupi kati ya hao watatu aliyekosea."

Shahidi wake alikuwa jirani yake Minza, ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Minza hakununua kopo hata moja na wala hakuona aibu kulisema. Aliulizwa kama mdai alifungua kopo mbele yake.

"Alifungua, akala, nami nikala. Asingekula yeye kwanza, ningemfukuza."

"Na mbona hukununua?" Nestory akamrukia.

"Kwa sababu nilikuwa nimeshaonja," Minza akasema.

Hata hakimu aliinamisha uso kwenye karatasi zake kwa muda.

Hukumu ilitoka Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2024. Mahakama ilisema kwamba kampuni haiwezi kumwagiza muuzaji atumie bidhaa mbele ya kila mteja, halafu imwadhibu kwa kuifungua. Mama Fransiska alikuwa ametekeleza mkataba. Aliyeuvunja ni yule aliyekataa makopo na kuchukua rehani. Maksai warudishwe ndani ya siku tatu, na makopo yapokelewe.

Walirudishwa siku ya pili. Nilikuwepo kijijini, kwa mwaliko, na nitasema tu kwamba hakuna mwanamume anayependeza kama yule anayetembea kati ya maksai wawili akiwaongelesha kama ndugu zake waliotoka safari. Jumatatu mvua ilinyesha. Jumanne plau iliingia ardhini. Ekari zote nne zililimwa, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu baba mkwe wangu afariki, ghala la mama halikutosha. Magunia mengine yamelala sebuleni, na tunayapita kwa ubavu tukienda kula.

Baada ya hukumu ile walikuja wamama wa vijiji vingine sita, wote wenye mkataba uleule na makopo yaliyo wazi. Mama Cornelia aliwasomesha wote. Mashauri mengi hayakufika hata mahakamani, barua moja yenye kifungu cha kumi na tisa ilitosha. Nasikia kampuni imebadilisha mkataba wake, na kwamba sasa kuna kifungu kinachotaja kopo la mfano. Mama Cornelia alipoletewa habari hizo alisema tu, "Vizuri. Angalau kuna mtu mwingine aliyeusoma."

Mwezi Februari mwaka huu mlango wetu uligongwa, na aliyeingia alikuwa Nestory. Hakuwa na suti. Kampuni ilikuwa imemwondoa kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili, ikamnyang'anya gari na ngazi yake yote ya watu aliowasajili, bila notisi. Nilidhani Mama Cornelia angemwambia neno. Mimi mwenyewe nilikuwa na maneno kadhaa tayari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkataba unao?"

"Ninao."

"Simama hapa. Soma."

Wake ulikuwa na kurasa kumi na tisa. Ukurasa wa kumi na nne ulisema notisi ya siku thelathini, kwa maandishi yenye sahihi. Kampuni ilikubali kosa kabla ya tarehe ya kwanza ya mahakama. Kreti mbili za soda zilizopo mbele yenu leo zimetolewa na Nestory. Kunyweni bila wasiwasi, ameonja.

Sasa niruhusuni niseme habari ya tarehe 26 Aprili, maana sitaweza kulala nisipoisema. Siku hiyo, Jumamosi baada ya Pasaka, mimi na Vitus tulifunga ndoa, na msimamizi wangu alikuwa Mama Cornelia. Kwaya ilikuwa imesimama. Padri alikuwa ameshatoa kalamu. Mama Cornelia akaweka mkono juu ya fomu ya ndoa, akasema bwana na bibi harusi wasome kwanza.

"Mama, watu wana njaa," Padri akamnong'oneza.

"Padri, hawa wanasaini kitu kisicho na kifungu cha kurudisha bidhaa. Waache wasome."

Kanisa zima lilicheka, na Mama Fransiska alicheka kuliko wote. Tulisoma, mstari mmoja mimi, mstari mmoja Vitus, hadi chini kabisa. Vitus alipofika kwenye jina langu alilisoma mara mbili. Ndugu zangu, nimesoma maandishi mengi katika kazi hii, lakini sijawahi kusoma kitu kizuri kama fomu ile. Tangu siku hiyo zimepita wiki tisa, na kila asubuhi ninaposaini daftari la mahudhurio kwa jina langu jipya, bado natabasamu peke yangu.

Kuna jambo moja ambalo wengi wenu hamlijui kuhusu Mama Cornelia, na nimelipata kwa mumewe mwenyewe, Mzee Baltazari, tulipokuwa tunapanga viti vya sherehe. Wameoana miaka ishirini na minane. Kwa miaka yote hiyo yeye amekuwa Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, akisimamia upakiaji wa mizigo bandarini, na mkewe amekuwa huku Sumbawanga na majalada yetu. Walionana kila baada ya wiki mbili, mke akimfuata kwa basi, Jumamosi jioni hadi Jumapili mchana. Mzee Baltazari aliacha kazi katikati ya mwaka jana. Walikuwa wamekubaliana kwamba Mama Cornelia atachukua likizo zake zote zilizolimbikizwa kuanzia Oktoba, asirudi tena hadi tarehe ya kustaafu, waanze kuishi pamoja mapema. Barua ya likizo ilikuwa imeshapigwa chapa. Ndipo Septemba akaingia Mama Fransiska na mwanawe na gunia la makopo.

Mama Cornelia alimpigia mumewe simu jioni ile, akamwambia kuna mama anasoma mkataba na bado hajafika ukurasa wa mwisho. Akamwomba asubiri. Mzee Baltazari akamjibu, "Nimesubiri miaka ishirini na saba. Maksai wawili hawawezi kunishinda."

Baada ya maksai wakaja wamama wa vijiji sita. Baada ya wamama akaja Nestory. Barua ile ya likizo haikuwahi kutumwa. Mimi nimepata nyumba, mume na mama mkwe ndani ya miezi ambayo watu hawa wawili waliipunguza kwenye maisha yao, na hawakuwahi kunitajia. Nilipomwuliza Mzee Baltazari kama hakuumia, alisogeza kiti, akakikung'uta vumbi, akasema, "Niliumia sana. Lakini ukioa mtu wa namna hii, unajua."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, kwa niaba ya kila aliyesimama mbele ya meza yake akiwa na hofu na kuondoka akiwa na jibu, na kwa niaba ya nyumba yetu mpya, asante, Mama Cornelia. Asante kwa miaka thelathini na mmoja, na asante zaidi kwa ile miezi tisa ambayo haikuwa yetu.

Mzee Baltazari amekodi pikapu ya Jumatatu alasiri, ya kumhamishia mkewe Kasanga. Anasema vitu si vingi, kitanda, sanduku na vyungu vya maua. Nenda salama, mama yetu. Mungu awape afya na miaka mirefu, na Jumapili nyingi, nyingi sana, ambazo saa nane mchana itafika na hakuna atakayesimama kuwahi basi la kurudi Sumbawanga.